Reli Ikishatandikwa: Historia ya Märklin na Biashara ya Treni Ndogo

Göppingen ni mji wa viwanda kwenye bonde la mto Fils, kusini magharibi mwa Ujerumani, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Stuttgart. Reli ilifika hapo mwaka 1847. Huko ndiko alikohamia fundi bati mmoja, Theodor Friedrich Wilhelm Märklin, na huko ndiko alikoanzisha mwaka 1859 karakana ya vyombo vya jikoni visivyopika chochote: majiko, sufuria na sahani za bati za kuenea kiganjani, kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Fundi huyu hakuwahi kutengeneza treni hata moja. Hata hivyo, biashara ya treni ndogo kama inavyoendeshwa leo duniani, pamoja na matangazo yake ya bidhaa mpya kila mwanzo wa mwaka, wateja wake wa miaka 50 mfululizo na kufilisika kwake kusikokwisha, ilitokana na wazo lililozaliwa katika sufuria zile.

Kazi ya kuuza ilikuwa ya mkewe. Caroline Hettich, aliyefunga naye ndoa mwaka huohuo wa 1859, alibeba sampuli akazunguka nazo kusini mwa Ujerumani na Uswisi, akiingia duka hadi duka kutafuta oda. Zama zile, mwanamke kusafiri peke yake kwa biashara lilikuwa jambo la kuwashangaza watu. Mwaka 1866 mumewe alifariki, akamwachia karakana na watoto. Caroline aliolewa tena, lakini karakana hakuiacha. Aliishikilia kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1888 wanawe Eugen na Karl walipoipokea na kuiita Ndugu Märklin.

Eugen alikuwa amekua akiitazama biashara ya mama yake, na kuna jambo alilokuwa amelielewa vizuri. Mtoto akishanunuliwa nyumba ya mwanasesere, mauzo ndiyo kwanza yameanza. Krismasi atataka jiko. Siku yake ya kuzaliwa atataka sufuria za kuteleka juu ya jiko lile. Mwaka ujao atataka kabati la kuhifadhia sufuria. Nyumba huuzwa mara moja tu, bali vinavyoiingia huuzwa miaka na miaka, mradi vilingane kwa ukubwa na vile vilivyotangulia. Kilichobaki kwa Eugen kilikuwa kutafuta kitu kingine cha namna hiyo, kisichokwisha kununuliwa.

Leipzig, 1891

Mwaka 1891 Ndugu Märklin waliinunua karakana ya Ludwig Lutz ya mji wa Ellwangen. Lutz alisifika kwa ustadi wa bati lililopakwa rangi kwa mkono, lakini fedha zilikuwa zimempiga chenga. Mashine na mafundi wake wakahamishiwa Göppingen. Mwaka huohuo, katika maonyesho ya majira ya kuchipua ya Leipzig, soko kuu la bidhaa Ulaya ya kati, kampuni ilionyesha treni ya springi, ya kutia ufunguo, ikizunguka kwenye reli zilizopangwa kwa umbo la nambari nane.

Treni za kuchezea zilikuwepo kabla ya hapo. Nyingine zilisukumwa tu sakafuni, nyingine zilikuwa na duara lao la reli. Lakini duara lile lilikuwa la treni ile tu. Mtoto akinunuliwa treni nyingine, hata ya fundi yuleyule, huenda magurudumu yake yasikae juu ya reli ya kwanza. Märklin walileta utaratibu. Reli zilikatwa vipande, vilivyonyooka na vilivyopinda, kila kipande kikishikana na mwenzake. Upana ulipangwa kwa namba, na namba hizo zilichapishwa katika katalogi. Baadhi yake zinatumika hadi leo: namba 1 ni reli ya milimita 45, na namba 0, iliyofuata baadaye, ni milimita 32. Kipande kilichonunuliwa mwaka huu kingeungana na kitakachonunuliwa mwaka wa tano.

Kuanzia hapo katalogi ikawa sehemu ya mchezo. Mwaka mmoja ilitangaza stesheni, mwaka mwingine daraja, halafu kreni, behewa la posta na taa za ishara. Baba aliyenunua duara la kwanza alikuwa amefunga mkataba bila kutia saini: kila pesa aliyoongeza ilimfanya awe mzito zaidi kwenda kwa mshindani. Washindani nao waliliona hilo. Bing wa Nürnberg, aliyekuja kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa vitu vya kuchezea, alitumia namba zilezile za upana ili treni zake zipite juu ya reli alizokwisha kununua mteja wa mwingine.

Marekani walikwenda kinyume. Joshua Lionel Cowen wa New York, aliyeanzisha kampuni ya Lionel mwaka 1900, alitoa mwaka 1906 reli yenye upana wa kama milimita 54, usiolingana na wa mtu yeyote, kisha akaiita reli ya kiwango. Inasimuliwa kwamba upana huo ulitokana na kuvisoma vibaya vipimo vya Märklin, kwa kupima ndani ya reli pale ambapo Wajerumani walipima katikati hadi katikati. Iwe kosa au hila, matokeo yalikuwa yaleyale: Mmarekani aliyeanza na Lionel aliendelea na Lionel.

Umeme wa ukutani

Treni za kwanza zilikwenda kwa springi. Nyingine zilikuwa na chombo cha kuchemshia maji yatoe mvuke wa kweli, kilichopashwa moto kwa spiriti. Umeme uliingia mwishoni mwa karne ya 19, nao uliingia kwa namna ambayo leo ingemtia mtu mahakamani. Treni iliunganishwa na umeme wa nyumba, na kinga pekee kati ya mtoto na ukuta ilikuwa balbu iliyopunguza nguvu njiani. Reli alizoshika mtoto kwa mkono zilikuwa na umeme wa kuweza kumwua.

Mwaka 1926 Märklin walileta mfumo wa volti 20. Transfoma ilikaa kati ya ukuta na reli, ikaushusha umeme hadi kiwango kisichodhuru. Lakini transfoma hufanya kazi kwa mkondo geu tu, umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ndio huu wa majumbani mwetu leo. Hivyo treni za Göppingen zikawa treni za mkondo geu. Umeme ulipita katika reli ya tatu iliyolazwa katikati, ukarudi kwa zile mbili za pembeni.

Uamuzi huo wa kiusalama ulizaa sifa na tabu zilizodumu. Sifa ni kwamba reli mbili za pembeni zina umeme wa upande mmoja, kwa hiyo mtoto anaweza kuipinda njia ikarudi na kujiunga yenyewe bila kusababisha shoti. Katika mifumo ya reli mbili, kitanzi cha namna hiyo huzima kila kitu. Tabu ni kwamba injini ya mkondo geu hairudi nyuma kwa kubadilishiwa tu nyaya. Märklin walitia swichi ndani ya kichwa cha treni, ikasukumwa kwa kuongezewa volti ghafla. Wenye treni za zamani wanalijua tukio lile: unabonyeza kurudi nyuma, nacho kichwa kinaruka mbele kwanza, ndipo kinatii.

Treni yahamia mezani

Kufikia miaka ya 1930 treni ya namba 0 ilikuwa imewashinda watu wa vyumba vidogo. Ilihitaji sakafu ya sebule nzima, na jioni ilibidi ikunjwe ili watu wapate pa kupita. Mwaka 1935, huko Leipzig, zilionekana treni mbili za nusu ya ukubwa ule, za kuenea juu ya meza ya chakula. Moja ilikuwa ya Märklin. Nyingine ilikuwa ya kampuni changa ya Nürnberg iliyoitwa Trix.

Nyuma ya Trix alikuwapo Stephan Bing, wa familia ileile ya Bing, aliyeondoka katika kampuni ya familia yake miaka ya 1920. Kampuni kubwa aliyoiacha ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilhali Trix ilipanda. Bing alikuwa Myahudi. Mwaka 1938, chini ya sheria za Wanazi za kuwapokonya Wayahudi mali zao, alilazimika kuiuza Trix kwa mfanyabiashara mwingine wa Nürnberg, Ernst Völk, kisha Bing akakimbilia Uingereza. Huko alikuwa na rafiki wa zamani, Wenman Bassett-Lowke wa Northampton, aliyekuwa akifanya biashara na familia ya Bing tangu maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Treni za Trix zilikuwa zimekwisha kuanza kutengenezwa Northampton, na ziliendelea hapo baada ya mwenyewe kunyang'anywa kiwanda kwao.

Ukubwa uliozaliwa mwaka ule ndio unaotawala hadi sasa. Ni kipimo cha 1:87, na jina lake ni H0. Msomaji wa Kenya au Tanzania ataielewa hesabu yake kwa urahisi. Reli ya SGR, inayotoka Mombasa au Dar es Salaam, ina upana wa milimita 1,435, ndio upana wa nchi nyingi za Ulaya. Gawanya kwa 87, unapata milimita 16.5, upana wa reli ya H0. Reli ya zamani ya meta moja, ile iliyojengwa na wakoloni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ukiigawanya hivyohivyo unapata kama milimita 12. Nayo ina reli yake ya mfano, iliyo nyembamba zaidi.

Vita ilisimamisha yote. Kiwanda cha Göppingen kilitengeneza vifaa vya kijeshi. Amani iliporudi, Leipzig ilikuwa upande wa mashariki, chini ya Warusi, na watengenezaji wa magharibi hawakuwa na soko. Mwaka 1950 wakaanzisha maonyesho yao Nürnberg, mwanzoni mwa mwaka. Tangu hapo kalenda ya treni ndogo huanzia hapo: kampuni zinatangaza, wenye maduka wanaagiza, wateja wanaanza kuweka akiba.

Reli mbili au tatu

Miaka ya 1950 ilileta plastiki, na plastiki ilileta swali gumu. Treni ya plastiki ilikuwa nafuu na ilionyesha hata misumari ya ubavuni mwa behewa. Watengenezaji wapya waliichanganya na umeme wa mkondo mmoja, ule wa betri, unaopita katika reli mbili tu kama reli za kweli. Reli ya tatu ya katikati ikaanza kuonekana kama aibu.

Uingereza ndiko swali hilo lilikouma zaidi. Frank Hornby wa Liverpool, aliyebuni vipande vya kujengea vya Meccano mwaka 1901, alianza kutengeneza treni mwaka 1920, soko lilipokuwa bado halitaki bidhaa za Wajerumani. Alifariki mwaka 1936. Miaka miwili baadaye kampuni yake ilitoa Hornby Dublo, treni za mezani za chuma kizito, zenye reli tatu. Zilipendwa mno. Lakini mwaka 1950 kiwanda kidogo kilichoitwa Rovex kiliuza seti ya plastiki kupitia maduka ya Marks & Spencer; Rovex ikanunuliwa na kampuni ya Lines, ikapewa jina la Tri-ang, ikahamia Margate, pwani ya mashariki ya Kent. Treni zake zilikuwa za reli mbili na bei yake ilimfaa mfanyakazi wa kawaida.

Hornby walisita kwa miaka. Walipogeukia reli mbili, mwaka 1959, walikuwa wamechelewa kwa wateja wapya na wamewaudhi wa zamani, ambao vichwa vyao vya treni havingeweza kwenda juu ya reli mpya. Maduka yalibaki na shehena ya bidhaa za reli tatu zisizo na mnunuzi. Mwaka 1964 Lines waliichukua kampuni nzima. Jina la Hornby lilinusurika kwa sababu mshindi aliona lina thamani kuliko lake mwenyewe.

Göppingen walijibu kwa namna nyingine kabisa. Reli ya tatu hawakuitoa, waliificha. Badala ya utepe mzima wa chuma katikati, waliweka vichuchu vidogo vilivyojitokeza kidogo tu kati ya mataruma, na chini ya kichwa cha treni wakaning'iniza kipande kirefu cha chuma kinachoteleza juu ya vichuchu hivyo. Kwa jicho, njia ilikaribia kufanana na ya kweli. Kwa umeme, hakuna kilichobadilika: treni ya kabla ya vita iliweza kwenda juu ya reli mpya. Wapinzani waliwacheka kwa kung'ang'ania mambo ya kizamani. Wateja hawakucheka, kwa kuwa walikuwa na makabati yaliyojaa.

Wakubwa na wadogo

Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa miaka ya neema, na kila kiwanda kilitafuta ukubwa ambao mwingine hajaushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arnold wa Nürnberg alitoa treni ya reli ya milimita 9, kipimo cha 1:160. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann, ya mji huohuo, ikaenda upande wa pili: LGB, treni kubwa ya kipimo cha 1:22.5, iliyoweza kukaa bustanini ikanyeshewa mvua na theluji. Lehmann hawakubuni reli mpya. Walichukua upana wa zamani wa milimita 45, wa namba 1, wakauhesabu upya: milimita 45 zikizidishwa kwa 22.5 zinakaribia meta moja. Kwa hiyo juu ya reli ya Märklin ya mwaka 1891 ikapita treni ya mlimani ya reli nyembamba, ya ukoo mmoja kwa upana na ile ya Kigoma.

Märklin wenyewe walisubiri hadi mwaka 1972, wakaja Nürnberg na treni ambayo mtu angeweza kuificha katika mkoba: reli ya milimita 6.5, kipimo cha 1:220. Waliipa herufi Z, ya mwisho katika alfabeti, wakimaanisha kwamba hakuna atakayeshuka zaidi. Kwa miongo mingi hakuna mtengenezaji mkubwa aliyeshuka.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilileta badiliko kubwa kuliko ukubwa wowote. Hadi wakati huo, kwa kawaida kuendesha treni kulikuwa kuendesha umeme ulio relini: ukiongeza volti, kila kichwa kilichoko juu ya reli ile kinakwenda mbio. Märklin Digital ilitia ndani ya kila kichwa chombo kidogo chenye namba yake. Umeme ukawa mmoja muda wote, na ndani yake zikapita amri: namba 24 nenda, namba 31 simama. Namba zilikuwa 80. Sasa treni mbili ziliweza kufuatana, kupishana na kusubiriana juu ya njia moja, kila moja na dereva wake.

Kwa wale wa reli mbili, mtaalamu Mjerumani Bernd Lenz alitengeneza mfumo wake, na miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani kiliufanya kuwa kiwango cha wazi ambacho kiwanda chochote kingeweza kukifuata. Märklin walibaki na lugha yao. Safari hii ukuta waliojijengea ulianza kuwabana wao wenyewe, maana upande wa pili dunia nzima ilikuwa ikizungumza lugha moja. Miaka ilipita kabla vyombo vya Göppingen havijafundishwa lugha zote mbili.

Miaka ya kufilisika

Mwanzoni mwa karne hii majina makubwa yalianguka yakifuatana. Lima ya Italia ilikwisha, na mwaka 2004 Hornby wakazinunua mali zake pamoja na majina ya Rivarossi, Jouef na Arnold. Novemba mwaka huohuo Lionel iliomba kinga ya mahakama baada ya kushindwa kesi ya siri za kibiashara iliyogharimu zaidi ya dola milioni 40, hukumu iliyotenguliwa baadaye. Mwaka 2005 ikafuata Roco ya Austria, na mwaka 2006 Lehmann, wenye LGB.

Sababu zilijulikana. Watoto walikuwa wamehamia kwenye kompyuta. Waliobaki kununua walikuwa wanaume watu wazima, wenye pesa na wenye macho makali, waliotaka kila bomba na kila herufi ya ubavuni iwe sahihi. Ustadi huo ulihitaji mikono mingi, nayo mikono ya bei nafuu ilikuwa China. Hornby walihamishia huko utengenezaji wao katika miaka ya 1990, na ubora wa treni zao ulipanda. Kisha mwishoni mwa mwaka 2008 kiwanda cha Sanda Kan, kilichokuwa tegemeo lao, kilinunuliwa na Kader, kampuni ya Hong Kong inayomiliki Bachmann, mshindani wao. Mfinyanzi wako akinunuliwa na jirani mnayegombania soko, vyungu vyako hupangiwa zamu. Treni zilizotangazwa Januari zilikuja baada ya miaka.

Göppingen matatizo yalianzia nyumbani. Hisa zilikuwa mikononi mwa wajukuu wengi wa familia tatu, na hawakuelewana. Mwaka 2006 waliiuza kampuni kwa wawekezaji wa Kingsbridge Capital wa Uingereza, wakiwa pamoja na benki ya Goldman Sachs. Mwaka uliofuata Märklin wakainunua LGB. Wakaja wakurugenzi wapya, mmoja baada ya mwingine, na washauri wa kulipwa. Mabenki yalipokataa kuongeza muda wa mikopo, tarehe 4 Februari 2009 kampuni ilipeleka ombi la ufilisi mahakamani. Ulikuwa mwaka wake wa 150, na maonyesho ya Nürnberg yalikuwa yakikaribia kufungua milango.

Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, Michael Pluta, alizikosoa hadharani ada kubwa walizolipwa washauri. Kazi ya kiwandani yenyewe aliiona bado ina uhai. Wapenzi wa treni walikuwa wakiendelea kununua katikati ya habari za kufilisika, kwa sababu ileile aliyoitambua Eugen: mwenye mita 30 za reli za vichuchu hana pengine pa kwenda. Mwishoni mwa mwaka 2010 wadai walikubali mpango wa kuiokoa kampuni. Machi 2013 ilinunuliwa na Simba Dickie, kundi la watengenezaji wa vitu vya kuchezea la mji wa Fürth, jirani na Nürnberg, linaloongozwa na familia ya Sieber.

Kilichofuata baada ya 2009 hakikuwa miujiza. Kazi iliyokuwa imepelekwa China ilirudishwa kwa sehemu kubwa Ulaya, katika kiwanda cha Göppingen na kile cha Györ, Hungaria; mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kampuni ikatoa treni za plastiki za betri kwa watoto wa miaka mitatu, wateja ambao ilikuwa imewasahau kwa kuwahudumia babu zao. Korona ilipowafungia watu ndani mwaka 2020, mauzo yalipanda: maboksi yaliyokuwa darini yalishushwa, na aliyeshusha boksi alihitaji vipande vya kuongezea. Vilikuwepo dukani, na vilishikana na vya zamani.

Kosa lililoishi karibu miaka mia

Nguvu hii ya reli haichagui kati ya jambo jema na baya. Kosa nalo likishatandikwa hudumu. Ushahidi uko Uingereza. Vichwa vya treni vya Waingereza ni vyembamba kuliko vya bara, na katika miaka ya mwanzo ya treni za mezani injini za umeme hazikuenea ndani ya mfano wa 1:87. Watengenezaji walikuza umbo la treni hadi 1:76, lakini reli wakaiacha ileile ya milimita 16.5. Kwa hesabu ilipaswa kuwa karibu milimita 19. Kila treni ya mfano ya Kiingereza ikawa kama imesimama juu ya miguu iliyobanana. Mwaka 1957 Tri-ang walijaribu ukubwa mdogo zaidi, wakalirudia kosa lilelile: treni ya kipimo cha takriban 1:102 juu ya reli ya milimita 12. Haikumaliza miaka ya 1960.

Injini ndogo zilipatikana zamani, lakini hakuna kiwanda kikubwa kilichothubutu kuipanua reli, kwa kuwa kufanya hivyo kungezitupa nje treni zilizojaa majumbani nchi nzima. Njia pekee ya kulirekebisha kosa ilikuwa kuanza upya pembeni, bila kugusa lililopo. Oktoba 2022 Hornby walitangaza kufanya hivyo hasa: TT:120, treni za kipimo cha 1:120 juu ya reli ya milimita 12, hesabu ikikamilika bila kudanganya. Kipimo chenyewe hakikuwa kigeni. Zeuke wa Berlin Mashariki alikitumia tangu miaka ya 1950, kikapendwa na watu wa nyumba ndogo za Ujerumani Mashariki, na kampuni ya Tillig ikakiendeleza baada ya nchi kuungana. Ile reli ya milimita 16.5 yenye kosa, Hornby hawakuiacha. Mpaka leo ndiyo inayobeba treni zao nyingi.

Kila Januari magazeti ya burudani hii hujaa picha za vichwa vipya vya treni, rangi mpya, sauti mpya, moshi unaotoka kwa mdundo wa magurudumu. Habari hizo zina utamu wake, lakini historia inaonyesha kwamba kampuni hazikuokolewa na kichwa kipya peke yake. Tri-ang waliwashinda Hornby kwa reli ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Märklin waliinuka baada ya 2009 kwa sababu hawakuwahi kumwambia mteja atupe alichonunua baba yake. Kwa hiyo msomaji anayetaka kuanza, au anayetaka kumwanzishia mtoto, asiulize kwanza bei ya kichwa cha treni. Aulize upana wa reli, aina ya umeme wake, ni viwanda vingapi vinaitengenezea bidhaa, na kama kipande cha miaka 30 iliyopita bado kinaungana na cha leo. Kichwa kikimchosha atanunua kingine mwakani. Reli atakayoichagua siku ya kwanza ndiyo atakayoishi nayo.